Camaro ya 1969 au Shelby ya 2020: ipi itashika bei kwa miaka 8?

Kwako Mhariri, na kwenu mafundi na wafanyabiashara wa magari mnaosoma safu hii,

Tunawasalimu kutoka Houston, Texas. Sisi ni mafundi watatu wa gereji moja. Tumechanga fedha za kununua gari moja la misuli la Kimarekani (muscle car, yaani gari la kawaida lenye injini kubwa), tulitunze miaka 8, kisha tuliuze. Mezani yamebaki mawili: Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969 kwa dola 68,000, na Ford Mustang Shelby GT500 ya 2020 yenye maili 1,900 kwa dola 84,000. Kwenye ufundi hatubishani. Tunabishana juu ya bei ya siku ya kuuza, na hapo ndipo tunapohitaji ushauri wenu.

Tuanze na Camaro, maana ndiyo yenye utata. Z/28 ni toleo lake la kasi, lenye injini yake ya pekee. Namba yake ya chesisi inaanza na 124379N. Hiyo 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8 (injini ya silinda nane), 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Hakuna tarakimu inayosema kwamba ni Z/28. Mwaka ule zilitoka Camaro 243,085, na Z/28 kati yake zilikuwa 20,302. Kwa hiyo Camaro yoyote ya V8 inaweza kuvishwa beji, ikachorwa mistari miwili mipana, ikawekewa injini iliyotafutwa kwingine, kisha ikauzwa kwa bei isiyo yake. Mwenye Pontiac ananunua nakala ya ankara ya kiwandani kutoka Pontiac Historic Services. Mwenye Ford ya kuanzia 1967 anaagiza Marti Report, ripoti inayotokana na kumbukumbu za kiwandani. Mwenye Dodge au Plymouth ya 1970 anasoma alama ya tano ya namba ya chesisi na kuijua injini. Akikuta R, ni Hemi ya inchi za ujazo 426. Mwenye Chevrolet iliyouzwa Marekani hana pa kuuliza gari lake lilitoka kiwandani na vifaa gani. Anategemea karatasi ya kiwandani iliyobaki juu ya tangi la mafuta au ndani ya kiti, hati ya mauzo ya kwanza, na kibati cha dhamana kiitwacho Protect-O-Plate. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Camaro hii haina hata karatasi moja kati ya hizo.

Chuma chake, hata hivyo, kinasema mengi. Kibati cha bodi kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa nyuma ya injini kina alama X77, ambayo Norwood waliitumia kwa Z/28 isiyo na mapambo ya ziada. Alama za X hazikuwepo kwenye magari yote ya 1969. Zilianza katikati ya Desemba 1968, na kiwanda cha Los Angeles hakikuzitumia. Tarehe ya kibati ni 02C, yaani wiki ya tatu ya Februari, kwa hiyo inakubaliana. Tunajua pia kwamba vibati vya kuiga vinauzwa, kwa hiyo hatukuishia hapo. Tulifungua boksi la hita na kile kifuniko cha matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, tukasoma namba mbili zilizofichwa kwenye bodi. Zote zinalingana na ile ya kwenye dashibodi. Giaboksi ni Muncie ya gia nne, nayo imepigwa namba ya gari hili hili, na herufi zake hazijaguswa. Difu ni ya boliti 12 yenye uwiano wa 3.73, breki za mbele ni za diski, na hakuna dalili kwamba iliwahi kuwa na kiyoyozi. Z/28 ya mwaka huo haikuuzwa na kiyoyozi wala gia otomatiki. Mtu akikutajia Z/28 ya 1969 yenye mojawapo ya hivyo viwili, uliza kwanza nani alikifunga.

Tatizo liko kwenye bloku. Namba ya kalibu ya kumwagia chuma ni 3956618, ambayo ni sahihi kwa injini ya inchi za ujazo 302. Tarehe ya kumwagwa chuma ni A 15 9, yaani 15 Januari 1969. Kwenye kile kitako bapa mbele ya silinda hedi ya kulia imepigwa V0131DZ, kwa maana ya kiwanda cha Flint, 31 Januari, Z/28. Mpangilio wa tarehe hauna kasoro: bloku kwanza, injini baadaye, bodi mwisho. Lakini uso wa kitako ni laini. Bloku iliyotoka Flint bila kuguswa huwa na mistari myembamba iliyonyooka, iliyoachwa na mashine ya kukwangulia, na herufi hupigwa juu ya mistari hiyo. Hapa mistari hakuna, na namba ya gari iliyo kando ya DZ ina tarakimu zilizozama kwa kina tofauti.

Kuna maelezo mawili. La kwanza, injini iliwahi kufunguliwa, fundi akasawazisha uso wa bloku, mistari na namba vikafutika, mtu akazipiga upya zile zile. La pili, bloku ni ya gari jingine lenye tarehe za kufaa. Kwa mwendeshaji hakuna tofauti yoyote, injini inaunguruma vile vile. Kwa mnunuzi wa miaka 8 ijayo tofauti ni kubwa, na sisi hatuna njia ya kuthibitisha lipi ni lipi. Mmoja wetu anasema X77, namba za siri na giaboksi vinatosha kulihesabu gari hili kuwa Z/28 halali yenye injini isiyo yake ya asili, na bei ikae hapo. Mwingine anasema namba iliyopigwa upya ni mbaya kuliko injini iliyobadilishwa na kutangazwa waziwazi, kwa sababu mkaguzi wa mnada akishaiona ataanza kutilia shaka hata kibati.

Bodi ina kutu kidogo pale Camaro za umri huu zinapoharibika zote: pembe za chini za buti, sehemu ya chini ya mapanga ya nyuma (mabati ya ubavuni juu ya magurudumu), na pembe za chini za kioo cha mbele, ambako majani huziba mifereji na maji kukaa. Sumaku inashika kila mahali isipokuwa panga la nyuma la kushoto, lenye pati (lipu ya kujazia bati) ya unene unaozidi milimita 1. Hilo linatengenezeka. Ufundi wa kila siku nao tunaumudu. Vali zinapimwa kwa inchi 0.030 injini ikiwa ya moto, pande zote mbili. Oili iwe na zinki ya kutosha, takriban sehemu 1,200 kwa milioni, kwa sababu oili za kawaida za leo hulila kamshafti la tapeti bapa. Mipira ya kabureta ya Holley ibadilishwe iwe ya kuhimili ethanoli. Mgandamizo wa 11 kwa 1 unataka petroli ya oktani ya juu kabisa iliyopo kituoni. Spea zote zinapatikana katika katalogi, hata bodi zima jipya la Camaro ya 1969 unaweza kuagiza.

Na hilo ndilo linalotusumbua zaidi tunapofikiria thamani. Gari linaloweza kuundwa upya lote kwa spea za kuagiza ni salama kwa fundi, lakini bei yake haiko tena kwenye chuma. Iko kwenye ushahidi kwamba chuma hiki ndicho kile. Shelby iko kinyume chake. Kuighushi ni vigumu mno: namba ya chesisi ya tarakimu 17 inalitaja gari lenyewe, kompyuta inaibeba, na historia ya huduma ipo. Lakini siku Ford watakapoacha kutengeneza kompyuta ya giaboksi ya klachi mbili au shokomzoba zake za sumaku, hakuna fundi wa mtaani atakayezitengeneza kwa mashine ya kukereza.

Shelby yenyewe ni safi. Ina V8 ya lita 5.2 yenye supachaja (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini), nguvu farasi 760, na giaboksi ya Tremec ya gia 7. Mwenye gari amekiri kwamba alifunga puli ndogo ya supachaja na programu ya nje, kisha akarudisha vya kiwandani. Tulisoma namba ya uthibitisho wa programu ya injini kupitia soketi ya uchunguzi, na inalingana na programu ya Ford. Kwa kuwa liliishi Houston, tulilikagua kwa hofu ya mafuriko pia: mikanda ya usalama ilivutwa hadi mwisho kutafuta mstari wa tope, plagi za nyaya chini ya viti zilifunguliwa kutafuta kutu ya kijani, na reli za viti zilimulikwa. Hatukuona kitu. Kilichobaki ni kwamba matairi ni yale yale ya 2020, na mpira wa umri huo tusingeuamini kwa nguvu farasi 760.

Hofu yetu kwa Shelby ni historia ya magari yaliyofichwa na wengi kwa pamoja. Mwaka 1978 Chevrolet walitoa Corvette 6,502 za ukumbusho wa mbio za Indianapolis 500 kwa bei ya orodha ya dola 13,653. Watu walizinunua kwa bei ya juu kuliko hiyo wakazifungia. Nyingi zilitunzwa, kwa hiyo hazikuwa adimu, na hadi leo zinauzwa zikiwa na maili chache mno bila kumrudishia mtu gharama ya kuzitunza. Kwa upande wa pili ipo Buick GNX ya 1987. Zilitoka 547 tu, nazo leo zinauzwa kwa mara kadhaa ya bei ya orodha. GT500 za 2020 hadi 2022 tunaziona karibu zaidi na Corvette ile: ni nyingi, wanunuzi wengi wanazihifadhi, na gari jipya lenye nguvu zaidi linaweza kutangazwa mwaka wowote. Dodge waliuza Demon ya 2018 yenye nguvu farasi 840 kama kilele cha mambo. Mwaka 2023 wakatoa Demon 170 yenye 1,025. Aidha, GT500 haina gia za mkono, na wakusanyaji wengi wanazitaka hizo.

Camaro nayo ina hatari ya umri wa wanunuzi. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1969 leo amevuka 70, na magari ya kizazi hicho yanaanza kuingia sokoni kupitia mirathi. Bei za magari ya misuli zilipanda mno kuelekea 2007, zikaanguka kwa kishindo baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, na yaliyoumia ni yale yenye maswali, kuliko yenye karatasi kamili.

Hesabu yetu ni hii. Kodi ya Texas ni asilimia 6.25. Sehemu ya kuhifadhi yenye kudhibiti unyevu ni dola 200 kwa mwezi, sawa na 19,200 kwa miaka 8. Bima ya thamani iliyokubaliwa tumeikadiria dola 700 kwa mwaka kwa Camaro na 1,100 kwa Shelby, na matunzo 800 na 500. Ukijumlisha, Camaro itakuwa imekula dola 103,450, Shelby 121,250. Tukiuza kwa mnada unaokata muuzaji asilimia 8, ili tusipate hasara Camaro lazima iuzwe kwa takriban dola 112,400 na Shelby kwa 131,800. Hiyo ni kupanda kwa karibu asilimia 6.5 kila mwaka kwa Camaro, na 5.8 kwa Shelby, bila faida hata senti. Tukilihifadhi gari gerejini kwetu tunaokoa zile 19,200, lakini unyevu wa Houston unatutisha, na tungelazimika kununua mashine ya kukausha hewa ili ubaki karibu asilimia 50.

Wapo ndugu waliotushauri tulipeleke Mombasa. Usukani uko kushoto, na Kenya hairuhusu gari lililotumika lililozidi miaka 8, kwa hiyo tafadhali ushauri wenu uelekee soko la hapa Marekani.

Tunaomba mtujibu haya. Kwa Z/28 yenye X77 na giaboksi yake ya asili, lakini namba ya bloku inatia shaka, nyinyi mnaofanya biashara hii mnakata kiasi gani kutoka kwenye bei ya gari lenye karatasi? Sisi tulifikiria kutoa dola 58,000 na kuandika kwenye hati ya mauzo kwamba injini haijathibitishwa. Je, siku ya kuuza ukweli huo utatusaidia au utatuvunjia bei? Kuna mkaguzi wa namba za bloku ambaye barua yake inaheshimiwa na minada, na je, inafaa kumlipa kabla ya kununua?

Kwa Shelby: tukiliendesha maili 500 kwa mwaka, litafika 2034 likiwa na maili takriban 6,000. Je, afadhali hivyo, au likae kwenye 1,900 huku sili na mipira ikikauka? Na je, kwa fedha hizi hizi tungefanya vizuri kuliacha na kutafuta Mustang Shelby GT350R, yenye gia za mkono na injini isiyo na supachaja inayozunguka hadi mara 8,250 kwa dakika, ingawa injini ile inajulikana kwa kula oili?

Muuzaji wa Camaro anatusubiri hadi mwisho wa mwezi huu. Mwenye Shelby hana haraka.

Wenu,
Mafundi watatu, Houston