Uraia wa Kenya: Tazama tarehe ya cheti kabla ya kujaza fomu

Mhariri,

Kila msimu wa likizo, Wakenya wa ughaibuni wanapofika nyumbani, swali moja huzuka upya redioni na kwenye makundi ya WhatsApp: aliyechukua pasipoti ya Marekani, Uingereza au Canada bado ni Mkenya? Majibu yanayosambaa ni mawili, na yote mawili yanawaponza watu. Wapo wanaodai Katiba mpya ilimaliza maneno, Mkenya ni Mkenya hadi kaburini. Wapo wanaodai ukishaapa kwa bendera ya wenyewe basi huku huna chako. Sisi ni wasaidizi wa kisheria tunaoshughulikia faili za uraia hapa Pwani, na tunaomba nafasi ya kuliweka jambo hili sawa, kwa sababu fomu isiyo sahihi inaweza kumgharimu mtu shamba lake, au ikamkosesha mwanawe uraia.

Jibu liko kwenye tarehe. Katiba ya sasa ilianza kutumika 27 Agosti 2010. Kabla ya siku hiyo, Mkenya mtu mzima aliyepata uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, nje ya mambo ya ndoa, aliacha kuwa raia wa Kenya siku ileile alipoupata. Hakuandikiwa barua wala hakuitwa mahakamani. Wengi waliendelea kutumia pasipoti ya Kenya mpaka ikaisha muda, wakapiga na kura, bila kujua kwamba mbele ya sheria walikuwa wageni. Aliyepata uraia wa pili tangu 27 Agosti 2010 yuko salama: Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa, yaani aliyezaliwa na mzazi Mkenya popote pale, hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine.

Watu husahau kwamba Katiba hiyo haikuwarudishia wale wa kwanza uraia wao bila wao kuomba. Ibara ya 14(5) inawapa haki ya kurejeshewa, lakini kwa maombi. Usipoomba, umebaki ulipokuwa mwaka 2009.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu yoyote, chukua cheti chako cha uraia wa nchi ya pili usome tarehe iliyoandikwa. Soma cheti, usisome pasipoti. Mtu aliyeapishwa Juni 2010 akapata pasipoti yake mpya Oktoba 2010 hujiona yuko upande wa Katiba mpya, kumbe aliupoteza uraia wa Kenya ile Juni. Huyu anatakiwa kuomba kurejeshewa uraia. Aliyeapishwa Juni 2011 hana cha kurejeshewa kwa kuwa hakupoteza kitu. Wajibu wake ni kutangaza kwamba ana uraia wa nchi mbili. Njia hizi mbili zina fomu tofauti, na ukijaza ya mwenzako utapoteza ada na miezi. Na mwenye green card tu, au hifadhi ya ukimbizi, au kibali cha kudumu, bado hajapata uraia wa pili. Swali hili halimhusu.

Kutangaza nako kuna muda wake. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inampa mwenye uraia wa nchi mbili miezi 3 tangu aupate ule wa pili. Asiyetangaza anafanya kosa la jinai, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Tunasisitiza kwamba adhabu hiyo haimwondolei raia wa kuzaliwa uraia wake. Tumesikia watu wakishauriwa wanyamaze ili wasije wakapokonywa. Ushauri huo unamwingiza mtu kwenye kosa kwa kumtishia hatari ambayo haipo.

Maombi ya kurejeshewa yanapokwama, mara nyingi kinachoyakwamisha ni majina. Idara ya Uhamiaji inataka uthibitisho kwamba ulikuwa Mkenya, yaani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au pasipoti ya zamani, pamoja na hati za nchi ya pili. Hapa Pwani cheti cha kuzaliwa kinaweza kusema Fatuma, kitambulisho kikasema Fatma, na cheti cha uraia wa Marekani kikabeba Fatima na jina la ukoo wa mume. Kwa afisa anayesoma faili, hao ni watu watatu. Tofauti ndogo ya herufi funga kwa hati ya kiapo inayotaja majina yote na kueleza kuwa ni ya mtu mmoja. Jina lililobadilishwa kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, au cheti cha ndoa ikiwa lilibadilika kwa ndoa. Linganisha pia tarehe za kuzaliwa, hasa kwa waliopita kambi za wakimbizi na kuandikiwa 1 Januari. Fanya hivyo kabla ya kuwasilisha. Faili likisharudishwa unaweza kuanza foleni upya.

Kuhusu kupokonywa uraia, hofu ni kubwa kuliko sheria yenyewe. Ibara ya 17 inawagusa watu wa aina mbili tu. Wa kwanza ni waliopata uraia kwa kusajiliwa, mathalani mke au mume wa Mkenya baada ya miaka 7 ya ndoa, au mgeni aliyeishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo. Hawa wanaweza kuupoteza wakibainika walidanganya au walificha jambo muhimu, wakifanya biashara na adui wakati wa vita, wakihukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi ndani ya miaka 5 tangu wasajiliwe, au wakati wowote wakipatikana na hatia ya uhaini au kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka 7 au zaidi. Wa pili ni mtoto aliyeokotwa nchini akionekana hajafika miaka 8 na wazazi wake hawajulikani. Sheria humchukulia kuwa raia wa kuzaliwa, ila hali hiyo inaweza kuondolewa ikigundulika ni raia wa nchi nyingine, au alikuwa amepita umri huo alipookotwa, au palikuwa na udanganyifu. Raia wa kuzaliwa wa kawaida hamo katika orodha hiyo hata akifungwa maisha. Wala ndoa na talaka haziondoi uraia wa mtu. Ibara ya 13(3) imelisema hilo waziwazi.

Pasipoti ni jambo jingine. Inaweza kunyimwa, kusimamishwa au kuchukuliwa kwa mujibu wa sheria, na mwenyewe akabaki raia. Hatari halisi kwa raia wa kuzaliwa ni kuambiwa kwamba uraia wake ulikwisha zamani. Kesi ya wakili Miguna Miguna, aliyeondolewa nchini mwaka 2018, ilizungukia hoja hiyohiyo ya uraia wa Canada alioupata chini ya Katiba ya zamani. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2018 kwamba haki zake zilikiukwa, lakini hakurejea nchini hadi Oktoba 2022.

Kuukana uraia ni hiari ya mtu mzima mwenye akili timamu aliye na uraia mwingine au aliye karibu kuupata. Tamko lake likishasajiliwa, ametoka. Hapo katikati, kati ya kuuacha wa Kenya na kupewa ule mwingine, ndipo watu huanguka. Nchi kama Austria humtaka mwombaji aache uraia wa kwanza kabla ya kumpa wa kwake, lakini humpa kwanza hati ya ahadi inayomwachia miaka 2 ya kukamilisha. Usisaini tamko la kuukana uraia wa Kenya kwa neno la mdomo la karani wa huko. Shika hiyo ahadi kwa maandishi, angalia muda wake unaisha lini, ndipo usaini. Na uliza kama sheria ya huko haijabadilika: Ujerumani iliacha kudai hilo tangu 27 Juni 2024, na bado wapo wanaoandikia balozi wakitaka kuukana uraia bila sababu yoyote.

Wanaoutazama uchaguzi wa 2027 nao wana lao. Ibara ya 78 inakataza afisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili, isipokuwa majaji, makamishna wa tume, na aliyepewa uraia na sheria ya nchi nyingine bila uwezo wa kujitoa. Mwakilishi wa wadi naye ni afisa wa dola. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inamtaka aliyechaguliwa au kuteuliwa aukane ule wa kigeni kabla ya kushika ofisi. Wa Marekani huukana ana kwa ana mbele ya afisa wa ubalozi wao, nje ya Marekani, kisha husubiri cheti cha kuthibitisha. Wa Uingereza hutuma fomu, na asipokuwa na uraia mwingine ndani ya miezi 6, sheria yao huhesabu kwamba hakuukana. Usingoje matokeo ya kura ndipo uanze kutafuta miadi.

Ardhi ndiyo inayouma zaidi. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodishwa, na si zaidi ya miaka 99. Jedwali la Sita la Katiba likaongeza kwamba umiliki huru wowote wa ardhi, yaani usio na kikomo cha muda, uliokuwa mikononi mwa asiye raia siku ile ya 27 Agosti 2010 unarudi kwa Jamhuri, naye apewe hati ya kukodi ya miaka 99 kwa kodi ndogo mno, ya jina tu. Aliyechukua uraia wa Uingereza mwaka 2003 huku akiwa na shamba la urithi Kilifi alikuwa ndani ya kifungu hicho, ajue asijue. Na kwa shamba la kilimo, Bodi ya Udhibiti wa Ardhi inatakiwa kukataa kibali cha kumuuzia asiye raia. Rejesha uraia kwanza, ndipo uende kwa wakili wa ardhi.

Kwa familia zetu za mpakani, Taveta, Lunga Lunga na Namanga, kuna la ziada. Mtoto wa mama Mkenya na baba Mtanzania anaweza kuzaliwa na uraia wa nchi zote mbili. Kenya haimlazimishi kuchagua. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na akitimiza miaka 18 sheria yake humtaka aukane wa Kenya ndipo abaki Mtanzania. Akikaa kimya, unaopotea ni wa Tanzania.

Tunamalizia na watoto ambao hatuoni wakizungumziwa. Katiba inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia. Kwa waliozaliwa kabla ya 27 Agosti 2010, inatosha kwamba mzazi ni raia au aliwahi kuwa raia. Kwa waliozaliwa baadaye, maneno hayo ya "aliwahi kuwa" hayamo. Basi chukua mama aliyepata uraia wa Marekani 2006, akajifungua Minnesota 2014, akarejeshewa uraia wa Kenya 2019, na baba si Mkenya. Kaka wa mtoto huyo aliyezaliwa 2008 ni raia wa kuzaliwa. Yeye mwenyewe, siku aliyozaliwa, hakuwa na mzazi raia. Wawili hao wamelelewa nyumba moja na watakuja kurithi boma moja.

Tunaiomba Idara ya Uhamiaji iweke swali la tarehe ya cheti liwe la kwanza katika ukurasa wa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla mwombaji hajalipa chochote. Na tunaiomba Wizara ieleze kwa maandishi, kupitia balozi zetu, ni mlango gani watoto wa aina hii wanapaswa kupitia. Kama haupo, wabunge waufungue kwa sheria.

Wasaidizi wa kisheria,
Mombasa