Somo, kabla hujaifungua ile dripu

Tororo,
17 Agosti 2025

Somo yangu Zaina,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti la mama ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa kidole gumba. Ndiyo maana nimekaa kitako na daftari kama tulipokuwa Moshi. Shemeji yako anapeleka lori Mombasa Jumanne, na amesema huko kuna mtu wa Horohoro atakayekufikishia bahasha hii pamoja na karanga za kusaga. Karanga zikifika nusu, mimi simo.

Umesema daktari wenu mpya anataka kila mtu mzima mwenye homa na presha iliyoshuka amiminiwe maji ya dripu, mililita 30 kwa kila kilo, ndani ya saa tatu, kwa kuwa mwongozo wa kimataifa umesema hivyo, na watoto nao wapewe yao harakaharaka. Wauguzi wa zamani wanaguna. Wewe msimamizi umekaa katikati, unaulizwa na pande zote mbili.

Mimi niko upande wa wanaoguna, ila nataka wagune wakiwa na karatasi mkononi. Ushahidi mzito kuliko wote wa jambo hili kwa watoto umetoka kwetu, Zaina. Sehemu yake imetoka hapo Muheza, mwendo wa daladala tu kutoka kwako.

Jaribio la FEAST unalikumbuka? Tulikuwa tumemaliza chuo miaka michache tu. Kati ya 2009 na 2011 walipokelewa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini. Hapa Uganda walikuwa Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, Kenya walikuwa Kilifi, na kwenu Hospitali ya Teule hapo Muheza. Wakagawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa kasi, la pili maji ya chumvi kwa kasi, la tatu likaachwa na dripu ya polepole ya kutunza mwili. Wote walipata dawa za malaria, antibiotiki, na damu waliohitaji damu. Wengi walidhani kilichobaki kujulikana ni kama albumini itaishinda chumvi. Nani angefikiri kwamba wale wa polepole ndio watakaoshinda?

Jaribio lilisimamishwa kabla ya idadi iliyopangwa kutimia. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya wale wa albumini na asilimia 10.5 ya wale wa chumvi. Walioachwa na dripu ya polepole walikuwa asilimia 7.3. Piga hesabu mwenyewe: kila watoto 100 waliomiminiwa maji, watatu zaidi hawakurudi nyumbani.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Mwaka 2009, kwenye hospitali niliyoanzia kazi, jina lake liache, aliletwa mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Malaria kali, viganja vya baridi, midomo imepauka. Mimi ndiye niliyeikamua ile chupa ya dripu kwa mikono miwili, maana ndivyo tulivyofundishwa, na nilikuwa na misuli. Baada ya saa moja akafumbua macho akaomba uji. Mama yake alinishika mkono asiuachie. Nikaenda kunywa chai nimejiona bingwa. Saa tisa usiku akaanza kuhema kama mtu aliyepandisha mlima na gunia kichwani, na kabla ya adhana ya alfajiri akawa ametutoka.

Sisemi maji ndiyo yaliyomuua. Damu yake ilikuwa kidogo sana, na damu kutoka benki haikufika. Lakini mwaka 2013 watafiti wa FEAST walitoa uchambuzi wa pili, nami nikausoma kwenye simu nikiwa nimesimama ukutani karibu na soketi, kwa sababu betri yangu ilikuwa imechoka. Wakasema waliomiminiwa maji ndio ambao dalili za mshtuko, yaani za damu kutofika vizuri mwilini, ziliondoka upesi zaidi katika saa ya kwanza. Na bado ndio waliokufa zaidi. Tena vifo vile vya ziada havikutokana hasa na mapafu kujaa maji wala ubongo kuvimba, kama wengi tulivyodhani. Moyo na mishipa ndivyo vilivyosalimu amri. Niliisoma mistari ile mara mbili nikaizima simu. Ule uji alioomba yule mtoto, somo, ndio ulionidanganya miaka minne.

Ila tahadhari moja, na hii waambie wote, wanaoguna na wasioguna. FEAST haikuwahusu watoto wa kuhara wala wenye utapiamlo mkali, na walioungua moto nao hawakuingizwa. Nimeshamwona muuguzi kwa macho yangu akisita kumpa maji mtoto aliyeharisha siku mbili, macho yameingia ndani, eti "utafiti umekataza". Nilimnyang'anya kanula, ile sindano ya dripu, nikamwekea mwenyewe. Mtoto aliyepoteza maji anarudishiwa maji, basi. Shirika la Afya Duniani nalo lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016: mtoto ahesabiwe yuko kwenye mshtuko akiwa na dalili zote tatu kwa pamoja, yaani mikono na miguu ya baridi, kucha ikibonyezwa damu kuchukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, na mapigo dhaifu ya haraka. Huyo apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kwa nusu saa hadi saa nzima, si kwa kukamua chupa. Mwenye dalili moja au mbili tu hahitaji mafuriko.

Huyo daktari wenu kijana atakujibu kwamba hao ni watoto, yeye anazungumzia watu wazima. Sawa. Mpeleke Lusaka, Zambia. Pale Hospitali ya Chuo Kikuu walifanya jaribio kwa watu wazima 212 wenye sepsisi, yaani maambukizi makali yanayoudhuru mwili mzima, na presha ya chini, karibu wote wakiishi na virusi vya UKIMWI. Nusu walifuata utaratibu wa maji mengi mapema, na dawa za kupandisha presha na damu pale zilipohitajika. Nusu walitibiwa kama daktari wa zamu alivyoona. Katika saa sita za kwanza kundi la utaratibu lilipata takriban lita 3.5, wenzao lita 2. Waliofia hospitalini ni asilimia 48.1 kwa wale wa utaratibu na asilimia 33 kwa wengine. Matokeo yalitoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2017, na kwa kweli sijui mgonjwa gani anafanana na wa wodi yako kuliko wale.

Na huo mwongozo wake una historia. Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit, Marekani, ilitangaza kwamba utaratibu mkali wa saa sita umeshusha vifo vya sepsisi kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5, kwa wagonjwa 263 tu. Dunia nzima ikaufuata. Mwaka 2014 na 2015 majaribio makubwa matatu, la Marekani, la Australia na majirani zake, na la Uingereza, yakaujaribu tena yasione tofauti. Zile mililita 30 zikabaki kwenye mwongozo kama pendekezo lenye nguvu, halafu mwaka 2021 wenyewe wakalishusha likawa pendekezo dhaifu. Je, amesoma toleo hilo, au anatembea na la zamani?

Kwa haki yake lazima nikwambie na upande wa pili. Wazungu nao wamejaribu kubana maji kwa watu wazima. Kuna majaribio mawili, CLASSIC ya Ulaya, mwaka 2022, na CLOVERS ya Marekani, mwaka 2023, kila moja na wagonjwa zaidi ya 1,500, na yote hayakuona tofauti ya vifo kati ya maji mengi na maji machache. Kwa hiyo asije akasikia kwako kwamba maji ni sumu. Lakini wagonjwa wale walikuwa na mashine ya kupumulia jirani, pampu ya dawa ya presha, na muuguzi wa karibu. Mapafu yakilemewa wana pa kukimbilia. Mimi usiku nina wagonjwa ishirini na wanne na mwenzangu mmoja, na pampu yangu ni jicho langu na saa ya ukutani.

Nikipewa amri ya wodi yenu kwa siku moja, ningeanza na kucha. Mwaka 2019 jaribio la ANDROMEDA-SHOCK, kule Amerika ya Kusini, lililinganisha njia mbili za kuongoza matibabu ya mshtuko wa sepsisi: kupima kwenye damu lakteti, ambayo hupanda mwili ukikosa oksijeni, na kubonyeza kidole na kuhesabu sekunde damu inaporudi. Wagonjwa 424. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 43.4 upande wa lakteti na asilimia 34.9 upande wa kidole. Kwa hesabu za wataalamu tofauti hiyo haikutosha kuitwa ushindi, na mimi siiiti hivyo. Ila fikiria, kidole changu hakikushindwa na maabara! Njia hiyo haihitaji umeme wala kitendanishi kilichokwisha tangu Juni. Mpe maji kidogo, mililita 250 au 500, rudi, bonyeza, hesabu, sikiliza kifua, ndipo uamue. Anayerudi kitandani mara nne ananipendeza kuliko anayeandika lita tatu kisha akaenda kulala.

Umeniuliza pia yale mengine, nayapita haraka maana mkono unauma.

Asidi ya traneksamiki, ile dawa ya kuzuia damu kuvuja, mpe majeruhi anayevuja damu, na hapa kwetu barabara ya Malaba inatuletea wa bodaboda kila Ijumaa. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, wagonjwa zaidi ya 20,000, lilionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Lakini saa tatu zikipita tangu ajali, dawa ileile inaweza kumzidishia hatari ya kufa kwa kuvuja damu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa aliyemleta ni "ameanguka saa ngapi?", halafu ndiyo jina. Anayetapika damu ya tumbo usimpe. Jaribio la HALT-IT, mwaka 2020, halikuona faida.

Adrenalini kwa moyo uliosimama: jaribio la Uingereza la mwaka 2018, watu 8,014, waliobaki hai siku 30 ni asilimia 3.2 kwa waliopewa na 2.4 kwa wasiopewa. Ila kati ya walionusurika, walioumia vibaya ubongo walikuwa asilimia 31 dhidi ya 17.8. Siiachi adrenalini, lakini sidanganyiki tena kwamba ile ampuli ndiyo inayofufua. Kukandamiza kifua mapema na kwa nguvu ndiyo kazi, na godoro laini la kitanda namba sita ndilo adui yetu. Wekeni ubao.

Kwa wazazi wanaovuja damu, nyinyi Tanzania mlikuwemo kwenye jaribio la E-MOTIVE pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, zaidi ya wanawake 200,000. Mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, halafu matibabu yote kwa mkupuo bila kungojana. Matatizo makubwa yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Uliza wodi ya wazazi kama mifuko wanayo. Bado nakasirika nikikumbuka miaka tuliyokadiria damu kwa kutazama shuka.

Oksijeni ndiyo ningependa tuizungumze ana kwa ana. Mwaka huu wa 2025 jarida la tiba la Lancet limetoa hesabu ya wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao walikuwa wamelala wodi za kawaida. Yaani wako kwetu, somo, si kwenye vyumba vya mashine tunavyovionea wivu. Na hapa Uganda vituo 20 vilifungiwa oksijeni ya nguvu ya jua, paneli juu ya paa, betri, na mashine ya kuchuja oksijeni hewani. Vifo vya watoto wenye upungufu wa oksijeni katika saa 48 za kwanza vikapungua karibu nusu. Hapakuwa na dawa mpya yoyote, ni hewa ambayo haikatiki umeme ukikatika.

Kuhusu huyo kijana, usimsute mbele ya wodi. Mwite pembeni, mpe chai, umwonyeshe Lusaka kwanza halafu Teule. Na tafadhali usimwambie "sisi hapa tumezoea hivi", kwa sababu hata ile chupa ya mwaka 2009 mimi niliikamua kwa mazoea. Akikataa, mwombe mgonjwa mmoja tu ampe kidogokidogo huku mkihesabu pamoja kucha na pumzi, kila nusu saa, usiku kucha. Akichoka kabla yako utakuwa umemjua.

Kuna jambo moja natamani ulitafute kwa ajili yangu. Ukimpata muuguzi yeyote aliyekuwa Teule enzi zile, muulize kama wale akina mama walirudi kuambiwa matokeo, na walisema nini. Uniandikie kama alivyosema, usinipunguzie.

Wako,
Somo Zaina