Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya uvuvi: majibu ya wazamiaji yarudi Jibondo

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Jibondo, Mafia. Nimevua maji haya tangu ujana, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nahodha wa mashua za wataalamu wanaozamia kupima afya ya matumbawe. Ninaomba vipimo vyao vifanywe kila mwaka, pale pale, na majibu yaletwe kijijini.

Kazi yao naijua. Husubiri maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, wakashuka na mitungi ya hewa, tepu, penseli na ubao wa plastiki. Tepu hulazwa juu ya mwamba, na kila kilicho chini yake huandikwa: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga, kifusi. Mwingine huogelea taratibu akihesabu samaki. Wa tatu huinamia mwamba akitafuta makinda ya matumbawe, mengine hayazidi ukucha. Zamani nilidhani huyu wa tatu anamaliza hewa bure. Kumbe ndiye mwenye habari kubwa.

Miamba miwili inaweza kuwa imekufa sawasawa, mmoja ukapona na wa pili usipone. Ule wenye makinda, na wenye samaki kama pono na kangaja wa kula mwani ili makinda yapate pa kushika, una matumaini. Tena mwamba uliokufa kwa joto hubaki umesimama kwa muda, makinda yakatua juu yake. Uliopigwa baruti hubaki kifusi kinachoviringishwa na mawimbi, na kinda lililotua husagwa. Mimi niliye juu ya mashua naona maji ya buluu tu, kote sawa.

Mwaka 1998, joto la El Niño lilipoingia, mwamba wa Kitutia ulipauka na sehemu kubwa ya matumbawe yake ikafa. Tumbawe likizidiwa na joto hutoa nje mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake na kulilisha. Joto lisipopungua mapema, hufa njaa. Joto lilirudi 2016. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa nne kwa dunia nzima, na pwani yetu imo. Tunahitaji kujua ni miamba ipi iliyostahimili mara zote hizo, maana hiyo ndiyo itakayopandikiza mingine, na hiyo ndiyo tungeilinda kwanza.

Hapa ndipo ninapoumia. Timu moja niliichukua siku nyingi, ikashukuru, ikaondoka. Msimu ule ule kijiji kilikuwa kinabishana ni eneo gani lifungwe ili pweza wakue. Tulibishana usiku kucha kwa kubahatisha, na majibu yalikuwa yameandikwa kwenye ule ubao wa plastiki ndani ya mashua yangu. Ripoti niliiona miaka baadaye, kwa Kiingereza, na kijana wa shule ndiye aliyenisomea.

Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inataka vijiji vishirikishwe katika kupanga na kusimamia. Basi kila kibali cha utafiti kiwe na sharti: kabla timu haijaondoka kisiwani, isimame barazani ieleze ilichokiona, kwa Kiswahili, na samaki watajwe kwa majina tunayowaita. Sehemu ya ada wanayolipa wageni kwenye geti la hifadhi ya bahari, Utende, itengwe kwa kuzamia kabla ya joto la Machi na tena likishapita. Na vijana wetu wafundishwe kuzamia na kupima. Wapo wanaoshuka pumzi moja hadi chini kabisa; wanachokosa ni mtungi, tepu na cheti.

Mashua yangu iko tayari. Ukija, chagua siku za maji mafu, bahari ikiwa shwari, nikupeleke Kitutia pamoja na wazamiaji, na jioni wasome ubao wao mbele yako na mbele ya wazee wa Jibondo.

Wako mtiifu,
Nahodha, Jibondo, Mafia