Ukimya wa aina mbili

Swahiba wangu,

Salaam sana. Wateja wako wawili wa tiba ya kisaikolojia, ulioniandikia habari zao, wanafanana kwa mbali tu: wote wanakuweka kando. Lakini dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake.

Yule mwenye haiba ya kinarsisi, yaani anayejikweza na kutaka kusifiwa, majivuno yake yanasitiri aibu. Ukiyavua mapema, harudi. Mchanganuzi-nafsi Heinz Kohut wa Chicago alifundisha kwamba mteja huyu anakutumia kama kioo cha kujiona ana thamani, nawe ukubali kwanza kuwa kioo. Mwenzake wa fani, Otto Kernberg, alitaka majivuno yenyewe, na husuda iliyo chini yake, yatajwe mapema. Miezi ya mwanzo mimi naegemea kwa Kohut.

Jihadhari hasa unaporudi likizo. Anaingia, anatazama saa: "Leo nina dakika 20 tu, na hivi vikao havinisaidii." Usijitetee, wala usimwambie ana hasira. Sema: "Tulianza jambo zito, nami nikaondoka wiki mbili. Naelewa vikao kuonekana havina maana." Kisha nyamaza. Usithubutu kusema "umenikosa nilipokuwa sipo". Neno hilo litamdhalilisha. Na ukishikwa na usingizi mbele yake, au ukajiona kama hupo, usijilaumu. Andika daftarini baada ya kikao, maana hivyo ndivyo watu wengine wanavyojisikia wakiwa naye.

Mwenye haiba ya skizoidi, yaani anayejitenga na watu na kuficha hisia, ni habari nyingine. Anatamani mtu, tena sana. Mchanganuzi-nafsi Fairbairn, kule Edinburgh, aliliona hilo mwaka 1940: mtu huyu anaogopa kwamba upendo wake wenyewe unaharibu. Akikusogelea anahofia kumezwa. Akijitenga anahofia utupu. Kwa hiyo akifunguka wiki hii, tegemea wiki ijayo asije, au aje bubu. Hapo ndipo wengi wetu tunaharibu: tunampigia simu mara tatu, tunamwongezea vikao, tunamsifu, "umefunguka vizuri!" Yeye anasikia mlango ukifungwa nyuma yake. Mtumie ujumbe mmoja tu: "Alhamisi nipo, saa ile ile." Viti viwekwe mshazari, asilazimike kukutazama usoni. Dakika tano za kimya usizijaze.

Utautofautishaje ukimya wao? Wa kwanza akinyamaza anakuchungulia, anapima kama bado unamwona, mpe neno. Wa pili akinyamaza huwa anapumzika, mabega yanashuka. Mwache.

Wa Alhamisi akirudi, niandikie neno lake la kwanza.

Wako,
Rafiki yako