Misumari ya shaba ya baharini si chakavu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya vitu vya kale vinavyotolewa baharini huku kusini na kuuzwa kwa kilo.

Mimi ni Mmakua wa Masasi, mwalimu mstaafu wa historia. Hivi karibuni, kwa mnunuzi mmoja wa chakavu mjini Mtwara, niliona misumari minene ya shaba iliyoshika ukijani, mmoja bado umeng'ang'ania kibanzi cha ubao. Mzamiaji aliyeileta alisema ameing'oa kwenye mbao zilizolala kando ya mwamba. Ikapimwa, ikalipwa, ikatupwa guniani pamoja na nyaya za mota. Nilimuuliza ni mwamba upi, akakataa kusema.

Misumari kama hiyo ndiyo iliyosaidia kuitambua São José, meli ya Wareno iliyoondoka Msumbiji Desemba 1794 kuelekea Brazil, ikiwa na watu zaidi ya 400 waliotiwa utumwani. Tarehe 27 ya mwezi huo iligonga mwamba karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walikufa maji, na waliookolewa wakauzwa hukohuko.

Wawindaji wa hazina waliikuta miaka ya 1980 wakadhani ni ya Waholanzi, ya zamani zaidi. Shaba ndiyo iliyowatia shaka wanaakiolojia, maana enzi hizo zilizodhaniwa, meli kufungwa na kuvikwa shaba kulikuwa bado hakujaenea. Mmoja wao, Jaco Boshoff wa Makumbusho ya Iziko ya Cape Town, akapekua nyaraka za Cape, akakuta maelezo ya nahodha mwenyewe, Manuel João Pereira, jinsi meli ilivyozama. Nyaraka za Lisbon nazo zilionyesha kuwa São José ilipakia vipande 1,400 vya chuma vya farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, na farumi ya chuma ikapatikana pale chini ya maji. Hiyo farumi hainitoki moyoni. Binadamu ni wepesi kuliko shehena ya kawaida, tena wanajongea, ndiyo maana palihitajika chuma cha kuituliza meli.

Habari ilitangazwa mwaka 2015. Udongo ulitolewa Mossuril, Msumbiji, nchi ya Wamakua wenzetu, ndani ya kikapu kilichopambwa kauri, ukamwagwa baharini pale ilipozama.

Je, misumari ya Mtwara ilitoka meli gani? Ikishayeyushwa, hakuna atakayejua, hata nyaraka zikiwapo.

Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, lakini kijana wa Msimbati anayezamia pweza ataisomea wapi? Naziomba halmashauri za Mtwara, Lindi na Kilwa ziweke tangazo kwenye kila diko, lenye namba ya simu ya ofisi inayohusika. Mzamiaji anayeacha vitu mahali pake na kuonyesha mwamba apewe zawadi inayozidi bei ya kilo, la sivyo ataendelea kung'oa. Na mnunuzi wa chakavu aandike shaba ya baharini imetoka wapi kabla lori halijapakiwa.

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara