Bosnia haikukabidhiwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia imesema kwamba mwaka 1878 Bosnia "ilikabidhiwa" kwa Austria-Hungaria. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja hapa Tanga, na neno hilo limeninyima raha.

Kilichokabidhiwa ni karatasi. Wakubwa wa Ulaya walikaa Berlin, Bismarck, kansela wa Ujerumani, akiwa mwenyekiti, wakaandika katika kifungu cha 25 cha mkataba wao kwamba Austria-Hungaria ikalie na kutawala Bosnia na Herzegovina, huku Sultani wa Waturuki akibaki mwenye nchi kwa jina tu. Wenyeji hawakuulizwa. (Miaka sita baadaye, mjini humohumo, Bismarck huyohuyo aliongoza mkutano mwingine, ule wa kugawana Afrika, ambao matunda yake sisi watu wa pwani tunayajua.)

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, kama walikabidhiwa, askari wote hao walikwenda kufanya nini?" Nilifurahi mpaka nikaweka chaki chini. Jeshi la Austria-Hungaria lililovuka mto Sava, mpaka wa kaskazini wa Bosnia, tarehe 29 Julai lilikuwa na watu kama 80,000. Kabla kazi haijaisha, walishapita 250,000. Wapanda farasi waliotangulia waliviziwa huko Maglaj, mji wa Bosnia, siku chache tu baada ya kuingia, wakarudi wamepukutika.

Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ilishambuliwa tarehe 19 Agosti. Mizinga ilipigwa kutoka vilimani, kisha askari wakaingia vichochoroni. Jenerali Filipović, mkuu wa jeshi hilo la uvamizi, aliripoti kwamba risasi zilitoka kila dirisha na kila mlango, kwamba wanawake walipigana, na hata majeruhi waliolala hospitali walifyatua bunduki. Fikirini mgonjwa anayejiinua kitandani kwa kiwiko, bunduki mkononi. Mtu huyo alikabidhiwa na nani?

Mji ulianguka siku hiyohiyo. Muhamed Hadžijamaković, mmoja wa viongozi wa ulinzi, alihukumiwa na kunyongwa siku chache baadaye. Hadži Lojo, aliyewaamsha watu wa mji, alikamatwa Oktoba akiwa na jeraha la mguu. Alifungwa, na hatimaye alifia Makka mwaka 1887. Ngome ya mwisho, Velika Kladuša, ilishikilia hadi tarehe 20 Oktoba. Na mwaka 1882, vijana walipoanza kulazimishwa kuingia katika jeshi la mtawala, Herzegovina iliwaka tena, na safari hii Waislamu na Waorthodoksi walishika silaha pamoja.

Naomba mlisahihishe neno hilo, tena pale pale lilipochapishwa, si kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Wanafunzi wa sekondari hapa mtaani hukata kurasa zenu za historia na kuzibandika kwenye madaftari yao.

Mwalimu mstaafu,
Tanga