Jirani anataka isomwe Albadiri, kampuni ya ndege inataka nisaini

Ndugu Mshauri, asalaam alaikum.

Mimi ni mama wa makamo, nauza vitenge na madera hapa Mtwara mjini, maeneo ya Chikongola. Minada ya korosho ikishaanza na watu kulipwa, mimi na wenzangu hukusanya oda za mtaani na kwenda Dubai kufuata mzigo. Marobota tunamwachia wakala, yanakuja kwa meli. Vitu vidogo vya thamani tunarudi navyo wenyewe. Safari hii nilibeba bangili mbili za dhahabu za jirani yangu, za harusi ya bintiye, na simu mbili za watu wengine.

Tiketi yangu ilikuwa moja, Dubai hadi Mtwara, kwa kubadilisha ndege Dar es Salaam. Mpaka Dar begi langu la mkononi lilikuwa juu ya kichwa changu, salama. Kuja huku tukapanda ndege ndogo ya mapangaboi, na aliyewahi kuipanda anavijua vikabati vyake: begi la magurudumu haliingii. Chini ya ngazi mfanyakazi mmoja akalichukua, akalifunga tagi, akasema litawekwa chini. Nikamwambia kuna dhahabu na simu, anipe nafasi nivitoe. Akajibu ndege imechelewa, nipande, vitu vyangu vitafika. Nyuma yangu watu wanasukumana na jua la Dar unalijua.

Tulipotua Mtwara begi lilikuja zipu imefungwa vizuri kabisa, ila kile kifungo cha plastiki nilichokikaza Dubai hakipo. Nikalifungua palepale mbele ya mfanyakazi wa kampuni. Tende zipo, udi upo, boksi za simu zipo lakini tupu. Bangili hazipo. Nikagoma kutoka. Wakanijazia fomu ya taarifa ya mzigo, nikachukua nakala, nikaenda polisi nikapewa RB pamoja na kuwaandikia namba za IMEI zilizobaki kwenye boksi (mwizi mwenye haraka ana faida zake). Muda wote huo kijana wangu aliyekuja kunipokea alikuwa nje, begi hajaligusa. Hili naomba ulishike.

Kampuni siitaji jina, maana suala bado liko mezani kwao. Nilipeleka malalamiko ya maandishi wiki ileile. Jibu lao: dhahabu na simu haviruhusiwi kwenye mzigo wa chini, masharti ya tiketi yanasema hivyo, kwa hiyo hawawajibiki. Ila kwa uungwana watanilipa uzito uliopungua, kwa kilo. Bangili na simu, Mshauri! Ukivijumlisha vyote havifikii uzito wa pakiti ya sukari. Ili nilipwe hicho kidogo, nisaini kwamba sina dai lingine.

Mtoto wa dada yangu anasomea sheria. Yeye ndiye aliyenizuia. Anasema Tanzania na Umoja wa Falme za Kiarabu wote wamo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, na kwa kuwa tiketi ni moja kutoka nje, hata kile kipande cha Dar hadi Mtwara kinahesabiwa safari ya kimataifa. Malipo ya kilo ni ya mkataba wa zamani, ule wa Warsaw. Huu wa Montreal unahesabu kwa abiria, na tangu 28 Desemba 2024 kikomo chake kwa mizigo ni SDR 1,519. Hiyo ni hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na inafika kama dola 2,000 za Marekani. Mkataba unasema pia kwamba sharti lolote la kampuni la kujivua wajibu au kushusha kiwango hicho ni batili. Kwa begi lililofika limeharibiwa au limepungukiwa, barua iandikwe ndani ya siku 7, jambo ambalo nimelifanya, na mahakamani mtu ana miaka 2.

Lakini kijana huyohuyo ananipoza. Kikomo si kwamba unapewa chote, ni mpaka pale utakapothibitisha hasara. Risiti ya bangili kutoka Deira ninayo. Ya simu moja ninayo. Ile nyingine mwenyewe alinunuliwa na kaka yake kulekule, mimi nikapewa tu nibebe, na huyo kaka hapokei simu. Kampuni ikikaza, amesema tuende Mamlaka ya Usafiri wa Anga au baraza lile la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga. Ofisi za Dar hizo, na mimi duka langu halina mtu wa kulikalia.

Sasa njoo mtaani. Jirani yangu anasema ya ndege hayamhusu, fedha alinikabidhi mimi. Simlaumu. Fedha ile ni ya korosho za mwaka mzima, na harusi ni kabla ya mfungo wa Ramadhani. Amechoka kusikia habari za fomu. Kaka yake ndiye aliyekuja na shauri la kusoma Albadiri, mwizi ajitaje mwenyewe, na mwalimu ameshapatikana Mikindani. Wananitaka nichange na nihudhurie.

Mama yangu mzazi amekataa katakata. Kwake yeye Albadiri si ya kuchezea, ikisomwa pasipo haki inamrudia aliyeisoma. Msikitini kwetu nako masheikh hawana kauli moja: yupo anayesema ni dua kwa kuwataja mashahidi wa Badri, yupo anayesema ni uzushi katika dini. Mimi si msomi, siwezi kuwaamulia. Ninachokijua ni kwamba nikikataa, mtaa utasema naogopa. Na tayari kuna maneno. Kijana wangu amechukua bodaboda kwa mkopo wa kikoba, mkataba ninao ndani, basi imekuwa gumzo: mama karudi Dubai, dhahabu imepotea, mtoto kapata pikipiki. Nikiwaonyesha fomu ya uwanja wa ndege, yenye saa na saini, wanaitazama kama karatasi ya maandazi.

Naomba unishauri. Nisaini nichukue hicho cha kilo walau nimpoze jirani, au nishikilie dai huku harusi inakaribia? Yeye nimlipe kidogokidogo kutoka mfukoni kabla kampuni haijatoa kitu, au kulipa ndiyo nitakuwa nimekiri? Wenye simu wao wamesema watasubiri, Mungu awabariki. Na hii Albadiri, nikae pale mwanangu akinitazama, au nimuunge mkono mama yangu na kuyabeba maneno ya watu?

Kaka wa jirani anataka jibu langu kabla ya Alhamisi. Kampuni nayo imepiga jana kuulizia saini.

Mama wa Vitenge,
Chikongola, Mtwara